Wageni wa Bei Poa Msibani kwa Bi Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga ukelele uliowatoa watu dukani. Nilitumwa kutandika chumba namba nne. Nikagonga, kimya, nikafungua, nikamkuta Mzungu amelala kitandani na baiskeli yake, wote wawili ndani ya chandarua. Gesti yetu ilikuwa ghorofani, pale Mikindani, na chini yake kulikuwa na duka la vitambaa la yule yule mwenye gesti, mzee wa Kihindi tuliyemwita Bosi, mzaliwa wa hapo hapo, aliyeswali msikiti mmoja na baba yangu. Bosi alipanda ngazi anahema, mkasi wa kukatia kitambaa bado uko mkononi.

"Kuna nini, binti?"

"Bosi, amelala na baiskeli!"

"Kitanda amelipia?"

"Amelipia."

"Sasa baiskeli itakula nini? Funga mlango, kapige deki chumba cha tatu."

Mzungu mwenyewe hakuamka. Baadaye nilielezwa kwamba hakutaka kulipa mlinzi amtunzie baiskeli chini, akaona bora alale nayo. Mimi Somoe binti Ali nilikwenda nyumbani siku ile nikamwambia mama kwamba kazi hii siiwezi. Nikaifanya mpaka nikastaafu.

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mnakuta mashine za kufulia na kadi za kufungulia mlango. Sisi tulifundishwa kwa mkono. Shuka lilivutwa kuanzia miguuni, kwa sababu, alisema Bosi, mgeni akilala vibaya kichwa anajilaumu mwenyewe, akilala vibaya miguu anailaumu gesti. Chandarua kilikunjwa juu asubuhi na kushushwa kabla ya magharibi, mbu hawajaingia. Vyumba vilikuwa vya aina mbili: self, chenye choo chake ndani, na singo, ambacho mgeni hutoka na ndoo yake kwenda bafu la pamoja mwisho wa korido. Wageni wa mfuko mwembamba walichukua singo, na hapo hapo wakaanza kuomba wapunguziwe.

Jamani, wale watu walinishangaza! Sisi tunajua Ulaya kuna hela, kwa hiyo mtu akitoka Ulaya tunategemea ale kuku. Hawa walikula ndizi na karanga. Walifua nguo kwenye ndoo ya kuogea na kuzianika kwenye kamba za chandarua. Mmoja alipikia ndani kwa jiko dogo la gesi akaunguza godoro, nilipomfokea akanipa pole kama vile godoro ni la kwangu. Mwingine alikwenda kwenye mlango wa Mto Ruvuma kutazama viboko, akakataa kukodi mtumbwi, akasema atatembea kwenye mchanga kwa miguu. Alirudi hana viatu, na hakusimulia. Kiboko huwa hasikilizi maombi ya kupunguziwa.

Baadaye Bosi alifungua gesti ya pili huko Chuno, nikahamishiwa huko nikafanye mapokezi. Msimamizi wangu alikuwa muuguzi mstaafu tuliyemwita Sista Mkuu, mwanamke ambaye hata simba angemwamkia. "Mgeni usimtazame mfukoni," alinifundisha. "Mtazame miguuni. Akija na vumbi, maji kwanza, maswali baadaye." Wateja wa Chuno walikuwa wanunuzi wa korosho wakati wa msimu, na watu wa semina msimu ukiisha. Walilipiwa na ofisi zao, walilalamikia supu, wakaondoka. Ilikuwa kazi nzuri isiyo na mshangao wowote, nami nilinenepa.

Bosi alipofariki, mwanawe alishika biashara. Huyu alisomea hoteli Dar es Salaam, na alitaka aitwe Meneja. Akanirudisha Mikindani niwe msimamizi, kwa sababu Kiingereza changu, nilichookota kwa wageni miaka yote hiyo, kilitosha. Na huko ndiko nilikopata mshtuko ambao haujanitoka mpaka leo.

Mtaa wa nyuma ya gesti aliishi Mzee Hamisi, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, pamoja na mkewe Bi Mwanahawa. Hawakujaliwa watoto. Mzee akafariki ghafla. Tukazika, na siku ya tatu ikasomwa hitima, wanaume wakaketi mikekani nje, zikatoka sinia za wali na nyama. Kwetu msibani haulizwi mtu ametoka wapi. Aliyeketi anakula.

Basi siku ile akapita kijana Marko, mgeni wangu wa singo, mwembamba kama fito, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Akaona watu wanakula, akavua viatu, akaketi. Akala vizuri tu, kwa mkono wa kulia. Kisha akanawa, akamgeukia mzee aliyekuwa karibu naye na kumuuliza, "Bei gani?"

Nilikuwa mlangoni na wanawake wenzangu.

"Hakuna bei, mwanangu," alijibu yule mzee.

"Bure?"

"Bure."

"Hata kesho?"

"Nwacheni ntoto wa watu," mzee alituambia, maana tulikwishaanza kuguna. "Mgeni huyu."

Nilidhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata wakashuka wasafiri wawili wenye mabegi makubwa, wakaniwekea simu juu ya meza ya mapokezi. Kwenye ramani ya simu palikuwa na alama juu ya nyumba ya marehemu, na nyota tano, na maneno ya Marko: chakula cha nyumbani, bure kabisa, wenyeji wakarimu, kuna visomo vizuri. Niliyasoma mara ya pili nikaketi kwenye kiti cha wageni. Nyumba ya mfiwa imegeuzwa mgahawa!

Wakaenda. Nao wakaandika. Wakaja wengine. Sinia za hitima zilikwisha siku ya tatu, lakini Bi Mwanahawa alikuwa ndani anakaa eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki, na kwa desturi anayeingia nyumba hiyo amekuja kuhani, yaani kumpa pole, hafukuzwi na njaa yake. Kila walipobisha hodi alimwambia mdogo wake, Fatu, abandike sufuria. Wanaume walikula barazani. Wanawake waliingizwa chumbani kwa mfiwa, wakala naye. Mmoja aliyeitwa Ilona, msichana mpole mwenye nywele fupi, alikwenda kila siku, akakaa humo mpaka jioni.

Fatu alinifuata gesti, kanga imemlegea mabegani.

"Dada Somoe, hawa wageni wako watatumaliza. Makopa ya muhogo mkavu yaliyobaki ndiyo haya ya kutufikisha mavuno, na dada hawezi kutoka kwenda shamba. Mchele umekwisha zamani. Siku akimaliza eda atatoka nje akale nini?"

"Kwa nini msiwaambie?"

"Nani amwambie mtu aondoke msibani? Mimi?"

Nikapanda kwa Meneja. Nikamweleza yote, nikitegemea atashika kichwa. Akacheka kwa furaha.

"Bi Somoe, hii ni promosheni! Umeona vyumba vinavyojaa? Tulipe pesa ngapi kwa tangazo kama hili?"

"Meneja, ni matanga yale."

"Sisi tunauza kitanda. Chakula wanajua wenyewe."

Marehemu baba yake asingetamka maneno hayo. Nilimwambia hivyo hivyo, nikashuka ngazi nimekasirika hata salamu za watu sikuitikia. Nikamshika Ilona mkono pale mapokezi. Nikamwambia twende wote, nitakueleza mbele ya mwenyewe kile mnachomfanyia huyu mama.

Tukamkuta Bi Mwanahawa ameketi mkekani, amejifunika nguo nyeupe. Uso ulikuwa umechangamka kuliko nilivyouona tangu msiba. Kabla sijafungua mdomo, akanipigia kiganja mkekani nikae.

"Somoe, umewaona watu wa mume wangu?"

"Watu gani, Bi Mwanahawa?"

"Hawa. Wametoka Ulaya kuja kumhani Hamisi. Alikuwa akiniambia kwamba vitanda vyake vimefika Ulaya, kuna mwalimu Mzungu alibeba kimoja zamani, na mimi nikimcheka. Nikimwambia acha uongo, mzee. Haya, tazama. Majirani walikuja siku tatu wakarudi majumbani kwao, sisemi kwa ubaya, kila mtu ana yake. Lakini hawa wanatoka mbali kote huko na kila siku wanaongezeka. Sikujua kama nilikuwa na mume mkubwa hivi."

Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga, yote yakapotea. Ilona akanivuta kanga, akaniuliza kwa Kiingereza mama amesema nini. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba hapa pamefiwa, huyu ni mjane, chakula mnachokula ni cha matanga, na yeye anaamini mmekuja kwa ajili ya mumewe.

Msichana alibadilika rangi. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakamtoka.

"Nilidhani ni bibi mgonjwa," akaniambia. "Nilidhani anapenda tu kuwa na watu. Niondoke?"

"Anasema nini?" aliuliza Bi Mwanahawa.

"Anakupa pole," nilisema, na kwa machozi yale sikuwa nikidanganya. Kisha nikamgeukia Ilona. "Usiondoke popote. Kaa. Ila kuanzia leo unakaa kama mtu aliyekuja kuhani."

Jioni hiyo niliwaita wageni wote wa singo pale mapokezi. Nyumba ile, niliwaambia, si mgahawa. Aliyekufa anaitwa Hamisi, alikuwa fundi vitanda. Marko akajiinamia, masikio mekundu. Wote walitaka kuukimbia mji asubuhi, kwa aibu. Nikawakatalia. Kwetu, niliwaambia, anayekwenda msibani anasema "poleni na msiba," anakwenda na unga au sukari au mzigo wa kuni, na akila anashika kazi. Niliwafundisha maneno hayo kama mtoto anavyofundishwa chuo cha Kurani, mpaka yakawatoka sawasawa. Marko nikamwamuru abadilishe alichoandika kwenye simu, nami nimesimama nyuma yake. Aliandika: hapa pana msiba, ukija sema pole. Nyota akazifuta.

Meneja alinikemea kwa kuharibu biashara. Nikamwambia anifukuze. Hakunifukuza, labda kwa sababu siku ya pili aliona kundi la vijana wake wa singo linapita mbele ya duka na mafungu ya kuni kichwani, wengine na unga, na watu wa mtaa mzima wametoka barazani mdomo wazi. Juma lile Fatu aliwachukua mpaka shambani Mpapura, wakamng'olea muhogo na kuumenya na kuuanika, malengelenge viganjani. Waliowasili baadaye walipungua sana, ndiyo, maana ukiondoa neno bure ramani inapoa. Lakini kila aliyefika alikuja mkono una kitu, na akajua jina la marehemu. Makopa ya Bi Mwanahawa yakafika mavuno.

Nimestaafu sasa. Magoti hayataki ngazi tena. Vijana wa gesti hunijia wakiniuliza namna ya kuwafanya wageni hawa wa bei poa watumie hela, nami nawaambia sijui, hakuna aliyefaulu, labda nyinyi. Nawaambia pia kwamba mgeni asiye na hela si lazima awe hana haya. Mara nyingi hajaambiwa tu, na kumwambia ni sehemu ya kazi yetu kama kutandika shuka. Kwa Marko bado nina hasira kidogo. Mtu anaulizaje bei kwenye hitima?

Bi Mwanahawa alipotoka eda nilikwenda kumsalimu. Mgeni mmoja alikuwa ameniuliza mapokezi, huyo Mzee Hamisi alikuwa mtu wa namna gani, nikatafuta jibu nikakosa. Miaka yote ya ujirani, nilichojua ni kwamba anawamba vitanda na anakohoa asubuhi. Nikamwomba Bi Mwanahawa anisimulie, walivyokutana, alivyokuwa.

"Nimeshasimulia," alisema. "Nimemsimulia yule msichana wa nywele fupi, mwanzo mpaka mwisho, siku zote zile. Sina nguvu ya kurudia, mwanangu."

"Lakini Bi Mwanahawa, yule hajui Kiswahili. Hajui hata neno moja zaidi ya pole."

Alinitazama kama mimi ndiye niliyetoka mbali.

"Anajua," alisema. "Alikuwa akilia pale pale pa kulia."