Maua Kwenye Cheti cha Wifi

Mama Mashine hakusomea kompyuta popote. Aliikalia tu mpaka ikamzoea. Chumba chake kipo kati ya kinyozi na duka la dawa, na ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Humo anachapa barua, anatoa kopi, na zaidi ya yote anageuza karatasi za watu kuwa PDF. Ukimuuliza PDF ni nini, atakwambia, "Ni karatasi iliyotiwa pingu. Ukituma barua hivi hivi, ikifika kwenye mashine ya watu mistari inatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Hii haihami."

Skana yake ilivunjika kifuniko zamani. Mwingine angenunua nyingine. Yeye alifungua kitenge kiunoni, akakikunja, akafunikia karatasi, kazi ikaendelea. Basi kila cheti kilichotoka pale kilizungukwa na maua mekundu. Wateja hawakusema kitu, naye akajua yanapendeza.

Asubuhi moja wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani, aliingia bila hodi, simu mkononi.

"Wifi, umeniua!"

"Mbona unaongea basi?"

"Mimi nimeomba kushona sare za shule, wewe umewapelekea bustani! Karani wa ofisi ya shule amenipigia, ananiuliza haya maua kwenye cheti ni muhuri wa chuo gani. Wamerudisha kila kitu. Nisipotuma safi kabla ya saa sita, kazi wanampa mwingine!"

Hapo utani ukamwisha Mama Mashine. Alijua wifi yake alivyochoka kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu. Sare za shule nzima ni kitambaa kipya, ni mkasi kula jora zima. Akasema kwa sauti ya chini, na huyo si mtu wa sauti ya chini:

"Leta karatasi."

Kitenge kikatupwa huko. Wakajaribu kufunika kwa gazeti, maandishi yake yakatokea pembeni. Wakajaribu kiganja cha wifi, ikatokea pete. Ndipo Mama Mashine akaona ndani ya mfuko wa wifi shati jeupe, limepigwa pasi likanyooka.

"Usiguse! La mteja hilo, la harusi!"

"Atalivaa. Kwani nalila?"

Shati likalazwa juu ya kioo. Ikapita fomu, kikapita cheti, ikapita leseni, kikapita kitambulisho mbele na nyuma, vyote pembeni vyeupe pe! Wifi naye hakutulia.

"Cheti kitangulie."

"Fomu kwanza."

"Nani anaomba kazi hapa?"

"Nani ameshika kipanya?"

Kurasa zikaunganishwa kuwa faili moja. Likawa zito, mtandao wa ofisi ukalitema. Mama Mashine akalipunguza uzito, likatemwa tena. Wifi akaanza kumwomba Mungu kwa sauti, na katikati ya dua akawa anamsengenya Mama Mashine mbele yake. Likapunguzwa tena, safari hii likapita.

Wakakaa wakiitazama simu kama maziwa jikoni. Ilipolia, wifi akaifungua sauti wasikie wote wawili. Alikuwa karani.

"Mama, faili limefika. Safi kabisa, tumekupokea. Ila nihakikishe nisije nikaliweka kwa mtu mwingine. Limeandikwa 'Wifi Kisirani Mpya Ya Mwisho'. Ndiye wewe?"

Mama Mashine akaingia chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Wifi akaitazama meza, akaitazama simu.

"Ndiyo, mwanangu. Kisirani ndiye mimi. Weka hapo hapo."

"Haya, Jumatatu uje na sare ya mfano."

Simu ikakatwa.

"Toka huko chini, wifi."

"Umekasirika?"

"Nimepokelewa! Kisirani utakiona nikimaliza kucheka."