Mstari Usio na Jina

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa bluzi yake nyeupe ya kazi, Mama Domitille hufungua daftari la watoto waliozaliwa na kupitisha kidole kwenye mistari isiyo na jina. Kisha hulifunga na kushusha pumzi. Ni dada mkubwa wa mama yangu. Amekuwa mkunga miaka thelathini na moja katika kituo kidogo cha afya hapa Kalemie, na magoti yake yamechoka.

Kwake mtoto haandikwi jina mpaka kitovu kianguke. Ni desturi ya wazee, husema, na hakuna anayebishana naye.

Mwezi wa tatu Gracia, aliyekimbia vita vya Nyunzu, alizaa mtoto wa kike. Wawili waliomtangulia walikufa kabla ya wiki mbili. Siku ya tano alirudi, akitaka jina la Kiingereza, kama yale yanayokuja na meli za Mpulungu, bandari ya ng'ambo wanakosema Kiingereza.

"Kifo hakijui Kiingereza, Mama," alisema Gracia.

"Uliza huyu, alisoma asili ya maneno ya Kiingereza," alijibu Mama Domitille, akinionyesha kwa kidevu huku akimvua mtoto nguo.

Nilieleza nikitazama sakafu. Lucky, yaani mwenye bahati, linatokana na neno la wacheza kamari.

"Baba yake anatosha kwa karata. Hapana."

Happy, yaani mwenye furaha, lilianzia kwenye jambo linalokupata tu, jema ao baya.

"Hilo tuko nalo tayari!"

Blessing, yaani baraka, nikasema, asili yake ni damu. Watu wa kale waliipaka kwenye altare ili iwe takatifu.

Gracia alicheka. "Damu nimemwaga ya kutosha. Andika hilo."

"Ngoja kwanza." Mama Domitille alikuwa ameinamia tumbo la mtoto. Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu, imevimba, inanuka. "Uliweka nini hapa?"

"Majivu, Mama. Njo vile bibi yangu alisema."

Hakumgombeza. Alisafisha, akamchoma mtoto sindano, akawalaza wote wawili kituoni. Kwa siku sita alirudia hivyo hivyo, asubuhi na jioni, akishikilia ukingo wa kitanda ili asimame. Siku ya saba ya matibabu kitovu kilianguka. Aliandika Blessing polepole, akaketi, akavua viatu.

Nilimuuliza kama anaamini jina linaweza kumlinda mtoto.

"Hapana," alisema. "Lakini mama mwenye kungoja jina anarudi, na mie naona kitovu."