Dashboard ya Mtumba

Gereji yetu ya Kabiro ina sheria moja: ukiweka dashboard ya mtumba, unaandika kilometa za dashboard ya zamani kwa kibandiko cha kubadilisha oil mlangoni. Siku moja tukaletewa gari ya spoti ya milango miwili, ilikuwa imekula kilometa laki mbili na nusu. Dashboard niliyoitoa kwa gari ingine iliyogongwa ilisoma elfu sitini. Nikaiwasha nikacheka, "Mzee amerudi class four!" Mwenye gari akaniambia nisiandike kitu. Sikuandika.

Wiki iliyofuata akaleta mtu wa kuinunua. Alikuwa binamu yangu wa Silanga, yule alinilisha wakati mathe alilazwa hosi.

"Brathe, hizi kilometa ni za ukweli?"

"Kwani gari inaeza danganya?" nikamjibu. Akacheka, akainunua.

Injini ilikufa kabla mwezi uishe. Akaileta ikivutwa na kamba. "Usijali," akaniambia, "hata wewe hungejua."

Nikachukua kibandiko, nikaandika laki mbili na nusu, nikabandika mlangoni akiangalia.

Akasoma pole pole. "Kumbe ulijua."

Nikaitikia nikiangalia viatu vyake.