Pumzi Yangu katika Mapulizo ya Mwanajuma

Usiniambie niliota. Mwenye kuota huwa amelala, na mimi nilikuwa macho, mchana wa jua kali, sinia la chakula mikononi. Haya yalinipata mimi mwenyewe pale Munje, miaka ya hamsini, na anayetaka kucheka na acheke sasa amalize.

Kwanza nikueleze habari ya mapulizo, yale maputo ya mpira, maana bila hiyo hutaelewa nilivyoliwa. Mjomba wangu alikuwa akiyanunua Mombasa na kuyauza siku za Idi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpulizia. Nayajua. Ukilijaza pulizo asubuhi, kesho yake bado lina nguvu, keshokutwa linalegea, siku ya nne limesinyaa kama embe la wiki jana. Hata ulifunge fundo la namna gani, hewa itatoka, kwani mpira wenyewe una vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukiliweka juani, hewa hutanuka ndani likapasuka. Likichomwa na ncha ya kuti, limekwenda. Na ukilipaka mafuta ya nazi ndiyo umelimaliza kabisa, maana mafuta huula mpira ukalainika. Pulizo la kukaa siku nyingi likiwa limekaza vile vile halipo, niamini mimi.

Basi, nilikuwa na shoga yangu, Mwanajuma. Tulikua pamoja, tukala sahani moja, tukavaliana kanga. Yeye alikuwa na pumu. Mara ngapi nilikesha naye nikimsugua mgongo, kifua kikipiga mluzi, mama yake akilia pembeni! Mimi Mungu alinijalia kifua. Nilikuwa kiongozi wa nyimbo za vugo, zile za harusi, wanawake wakigonga pembe nyuma yangu, na kutoka Gazi hadi Msambweni hapakuwa na harusi nisiyoitwa. Sikuwa na uzuri wala mali. Sauti ile ndiyo iliyonipa jina.

Mwanajuma akaposwa. Siku mbili kabla ya harusi aliniita chumbani kwake, akanipa mapulizo saba mekundu.

"Shoga, nipulizie haya wewe mwenyewe. Usimpe mtu."

"Na yale mengine ya kupambia nyumba?"

"Yale watapuliza wao. Haya nataka ya pumzi yako, yakae juu ya kitanda changu."

Nilifurahi, mjinga mimi! Nani asiyetaka kupendwa na shoga yake? Nikapuliza. Kila moja alilifunga yeye kwa uzi mweusi, midomo ikimchezacheza, nami nikidhani anasoma dua. Nilipomaliza la saba nilikaa chini, chumba kikinizunguka.

Jioni ile kwenye vugo, sauti ilinikatikia katikati ya wimbo. Watu wakasema nimechoka na shughuli, nami nikaamini.

Siku ya harusi shangazi zake wakafanya ujinga wa kwetu. Bibi harusi hupakwa mafuta ang'are, sivyo? Basi wakaona na mapulizo nayo yang'are. Wakayapaka yote mafuta ya nazi, moja moja, kwa mapenzi. Nilipiga kelele, lakini nani alinisikiliza? Kufika alasiri, pa! pa! yanapasuka huku na huku, vitoto vinalia. Ila yale saba mekundu, yaliyopakwa mafuta yale yale, yalining'inia juu ya kitanda yamekaza. Niliyatazama nikaona hapa pana jambo. Lakini harusi ina mengi, nikaitwa jikoni nikasahau.

Katika fungate, zile siku saba ambazo maarusi hukaa ndani, tulipeana zamu za kupeleka chakula. Zamu yangu ilikuwa siku ya nne. Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa, bwana harusi amekwenda msikitini, nyumba kimya. Nilipanda baraza nikihema kama mzee. Mlango wa chumba ulikuwa haukufungwa, nikausukuma kwa kiwiko.

Kitandani alikaa mwanamke nisiyemjua. Munje yetu ile ndogo, mtu nisiyemjua angetoka wapi? Mrefu, mzuri, buibui jipya, na mkononi ameshika pulizo moja jekundu. Alikata uzi kwa meno, akaifyonza hewa yote taratibu kama mtu anywaye dafu. Kisha akainama, akampulizia Mwanajuma puani. Mwanajuma akavuta pumzi ndefu, safi, bila mluzi wowote. Yule mwanamke akageuka kunitazama.

"Karibu ndani, mwanangu."

Wallahi, alisema kwa sauti yangu. Sisemi sauti ya kufanana na yangu. Ilikuwa yangu.

Sinia likaanguka. Nikamtazama Mwanajuma, nikimngoja apige ukelele. Unajua alisema nini?

"Mbona hukubisha hodi?"

Hapo ndipo nilipokatwa maini. Jini nilimwogopa, naam, lakini aliyeniua ni shoga yangu. Juu yalikuwa yamebaki matatu. Nikarukia moja, nikataka nilifungue mdomoni mwangu niivute pumzi yangu irudi. Mafuta yalikuwa bado yamelienea. Uzi ulipoachia tu, pulizo likaniponyoka, likaruka chumba kizima likiimba wimbo wangu, nao ukififia, ukififia, hadi likaanguka sakafuni bapa.

Mwanajuma alikuwa ameshayakumbatia mawili yaliyosalia, analia. "Niachie haya, shoga. Wewe unayo nyingi. Mimi nilikuwa nakufa."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Hadi leo sijui kama ningempa. Nilipogeuka, yule mwanamke hayupo. Mlangoni hakupita, maana chakula kilichomwagika pale hakikuwa na alama ya mguu.

Mama alinizungusha kwa masheikh, nikanywa makombe, yale maji yaliyooshewa aya, hadi tumbo likakataa. Pumzi haikurudi. Hata leo taa ya mafuta sizimi kwa mdomo, naipepea na kanga. Mwanajuma pumu ilimtoka, akazaa, akanenepa. Kisha akaanza kuimba! Yeye, ambaye hakuwahi kumaliza hata ubeti mmoja! Nikaitwa kwenye harusi nimgongee pembe nyuma yake. Nilikwenda mara moja tu. Watu walikuwa wakisema Mungu amemjalia, na niliposimulia haya wakasema nina wivu.

Mwaka huu alikuja barazani kwangu, mvi kichwa kizima, kifua kinapiga mluzi tena. Hata pumzi ya wizi ina siku zake. Nikamkaribisha, nikampa kahawa. Nilikuwa nangoja neno moja tu, nisamehe. Angelisema, ningelia naye, Mungu shahidi. Aliimaliza kahawa, akachungulia ndani ya nyumba yangu, akaniuliza polepole:

"Shoga, yule mjukuu wako wa kike, naye ana kifua kama chako?"

Nilimtoa kwa ufagio, mzee na uzee wake. Ndiyo maana leo nasimulia, wala sijali nani ataniita mwongo. Mwanao akiletewa pulizo na mtu asiyemjua, hilo si neno, mwache apulize. Lakini akiletewa na mtu ampendaye, anayemwambia "lipulize wewe mwenyewe," mpokonye, ulitupe chooni, na kama amekwisha kulipuliza, fundo usimwachie aliyelileta alifunge.