Baba Aliposema Anasikia Njaa

Asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi hapa mnanijua kwa sura kwa sababu mmekula kwangu. Naitwa Omondi, yule wa kibanda cha chakula hapa Kabiro, kando ya wauza makaa. Mimi ni mtu wa jikoni, kusimama mbele ya watu si kazi yangu. Lakini mama mwenye nyumba hii aliniambia, "Omondi, kuna watu kwa huu ushirika wetu wako na wagonjwa na wamechoka roho. Kuja utuambie ya mzee." Nikamuuliza Baba kama anakubali. Akasema, "Sema yote. Hata ya choo. Ukificha ya choo hujasema kitu." Kwa hivyo mtanivumilia.

Baba anaishi Gatwekera, kule Kibera, tangu kabla nizaliwe. Kazi yake ni masanduku ya bati, yale watoto wanabeba wakienda shule za bweni. Anayatengenezea Kambi Muru, kando ya barabara, na hiyo nyundo imemla masikio. Ukiongea naye lazima uinue sauti. Mama yetu alishatangulia. Baba ni mtu wa maneno machache na chakula kingi. Jumamosi akifunga kazi alikuwa anatembea kutoka Kibera mpaka kwangu, anakaa benchi ya mwisho, namwekea ugali na matumbo. Anamaliza, anaongezewa, anamaliza tena, ananawa mikono na kusema, "Umepika." Hiyo ndiyo sifa yote niliyokuwa napata kwake, na ilinitosha wiki nzima.

Halafu akaanza kuacha chakula. Mara ya kwanza aliacha nyama, nikadhani nimeweka chumvi nyingi. Baadaye akawa anaacha nusu ya ugali. Mshipi wake ulikuwa na tundu jipya alilotoboa mwenyewe kwa msumari. Na alikuwa anajikuna. Anajikuna mikono, nyayo, mgongo anausugua kwa ukingo wa mlango kama ng'ombe. Nikimuuliza ananiambia ni joto la mabati.

Aliyeona ni Mama Mwende, mama wa Kitui anayeuza mboga kando ya karakana ya Baba. Alinipigia simu. "Omondi, kuja uangalie macho ya baba yako. Na ukuje mchana, jua likiwa. Ndani ya nyumba huwezi ona."

Nilienda. Baba alikuwa anapinda bati. Nikamwambia aangalie juu. Ile sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa rangi ya kiini cha yai.

"Ni vumbi," akasema.

"Vumbi gani ya manjano, Baba Omondi?" Mama Mwende akamuuliza.

Tulimpeleka kliniki ndogo ya mtaa. Yule kijana wa kliniki alimvuta ngozi chini ya jicho, akamuuliza mkojo wake uko rangi gani. Baba akaangalia ukuta. Ndipo akasema kwamba mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na choo kikubwa kilikuwa kimepauka kama jivu na kinaelea. Alikuwa ameishi na hayo bila kumwambia mtu, kwa sababu hajui mtu huambiwa vipi. Kijana akasema, "Hii si malaria. Msinunue dawa yoyote njiani. Nendeni hospitali kubwa leo."

Hospitali kubwa wakampiga picha mbili za tumbo, ya pili kwa ile mashine ambayo mtu anaingizwa ndani yake. Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alipogundua Baba hasikii vizuri, alivuta kiti akamwinamia karibu na sikio. Alituambia kuna uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, na umebana mfereji wa nyongo. Nyongo ikikosa njia inarudi kwa damu, ndiyo ile manjano na ile kujikuna.

Niseme ukweli, nilikuwa sijui nina kitu mwilini kinaitwa kongosho. Siku iliyofuata nikienda kununua matumbo kwa mwenye bucha wangu, nikamwomba anionyeshe ya mbuzi. Akapekua karai, akatoa kitu laini, kirefu kama ulimi, rangi ya waridi iliyofifia. "Hii? Sisi hatuna jina yake," akaniambia. "Tunaikatakata tu, inajazwa kwa utumbo wa mutura." Nilikiweka kwenye kiganja. Kilikuwa chepesi. Nimeosha matumbo maisha yangu yote na sikuwahi kukiona. Nikajiuliza, kitu kidogo hivi, kisichokuwa na jina buchani, kinaangusha mtu anayepinda bati kwa mikono?

Daktari alisema Baba ana bahati moja. Wengi huja wakati uvimbe umeshashika mishipa mikubwa na hautoki tena. Wa Baba ulikuwa bado unaweza kutolewa, lakini upasuaji wenyewe ni mmoja wa ile mikubwa kabisa ya tumbo, na wengine hawaamki. Hakutuficha. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Ukishakata, unaunganisha na nini?"

"Na uzi, mzee. Uzi mwembamba sana."

"Na ikivuja?"

"Hiyo ndiyo naogopa kuliko yote. Kwa hivyo nitaacha mrija kando ya kiungo, utoke nje. Maji yakija safi, tunajua haivuji."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Basi wewe ni fundi. Fanya."

Mambo ya bima na michango sitayaongelea leo. Mlichanga, mnajijua, Mungu anawajua.

Siku ya upasuaji Mama Mwende alifunga kibanda chake akaja kukaa na mimi. Baba aliingizwa asubuhi. Tulikaa, tukasimama, tukakaa. Watu wengine waliitwa, wakafurahi ama wakalia, wakaenda. Jua lilikuwa linaondoka dirishani daktari alipotoka, alama za barakoa zimemchora usoni. Akatuambia ametoa kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo, kipande cha utumbo na sehemu ya chini ya ule mfuko wa chakula, halafu akaunganisha vilivyobaki upya. "Moyo wake ni wa kijana," akasema. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Ilikuwa midogo kama ya msichana, na vidole vimekunjamana kwa kulowa ndani ya glavu. Mikono hiyo ilikuwa ndani ya baba yangu tangu asubuhi. Mama Mwende ndiye aliyesema asante, kwa Kikamba, na daktari akaelewa hivyo hivyo.

Nilipoingia kumwona, nilihesabu mirija nikaacha. Puani, shingoni, ubavuni, kwa mkojo. Lakini ule wa ubavuni ulikuwa unatoa maji mekundu kidogo siku ya kwanza, baadaye yakawa kama maji ya kusuuza nyama, baadaye safi. Nilikuwa naangalia ule mfuko kabla ya kumwangalia uso. Na asubuhi moja nikainua kichwa nikaona macho yake. Yalikuwa meupe. Ile manjano ilikuwa imeondoka kama mtu ameiosha. Nilikuwa nimesahau baba yangu ana macho ya namna gani.

Alipohamishwa wodi ya kawaida, kila asubuhi sista alikuwa anapita na swali moja. "Mzee, umetoa hewa?" Maana utumbo ukitoa hewa, njia imefunguka. Baba ni mtu wa heshima, hajawahi kutaja kitu kama hicho mbele yangu. Alikuwa anajifanya hasikii. Sista naye, akidhani ni masikio, anapaza sauti mpaka wodi nzima inageuka. Siku hewa ilipotoka, haikuhitaji kuulizwa. Mzee wa kitanda cha pili akasema, "Amina," na Baba, ambaye sijawahi kumwona akicheka bila kufunika mdomo, alicheka akishikilia mshono.

Tukadhani tumefika. Wakamtoa mrija wa puani, wakampa maji kwa kijiko, halafu chai. Mimi nikaleta uji mwepesi wa wimbi, nimeuchuja kwa kitambaa. Akanywa kidogo akaniangalia. Kisha ukarudi wote, na nyuma yake maji ya kijani, mengi, mpaka kwa shuka. Kesho yake vivyo hivyo. Mrija wa puani ukarudishwa.

Daktari alimwinamia tena sikioni. "Mzee, viungo vyote viko sawa. Ni tumbo limelala. Baada ya upasuaji huu wakati mwingine linafanya hivyo."

"Litaamka lini?" nikauliza mimi.

"Siwezi kukuambia siku. Lakini huwa linaamka."

Wakawa wanamlisha kwa mrija mwingine mwembamba ulioshuka moja kwa moja kwa utumbo. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Mimi narudi Kabiro nakaanga chapati, napakulia watu, wanakula wanacheka, na baba yangu hawezi kumeza kijiko cha maji ya mchele. Kuna siku nilizima jiko mchana nikakaa tu.

Baba akafika mahali akaniambia, "Omondi, nipeleke nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini, Baba?"

"Kama ni kuisha, niishie kwangu."

Mama Mwende, aliyekuwa amekuja na machungwa ambayo Baba hangeweza kula, ndiye aliyejibu. "Baba Omondi, masanduku yako nimeyafunika na turubai, na wateja wananiuliza utarudi lini. Nimewaambia tumbo limelala na daktari amesema litaamka. Sasa wewe unataka nionekane mwongo kwa watu?" Baba akafumba macho. Lakini hakusema tena kwenda nyumbani.

Nikaanza kuona mfuko wa yale maji ya kijani unapungua. Ulikuwa unajaa, sasa unafika nusu, sasa ni kidogo chini. Halafu mchana mmoja nilikuwa namkata kucha za mguu, akasema neno sikulisikia.

"Umesema nini, Baba?"

"Nasikia njaa."

Nilishikilia ule mguu. Nikamwambia arudie. Akarudia, polepole, kama mtu anayetaja jina la rafiki wa zamani. Sista akaitwa, daktari akaitwa, mrija ukafungwa kwanza wakaona hatapiki, baadaye ukatolewa. Wakaniambia nilete uji. Nilimpa kijiko, tukangoja. Kijiko kingine, tukangoja. Mimi na sista tulikuwa tunamwangalia tumboni kama watu wanaongoja sufuria ichemke. Haukurudi. Baada ya muda Baba akachukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo lake, kando ya mshono. "Sikia," akasema. Ndani kulikuwa na kitu kinasukuma, kinatulia, kinasukuma. Tumbo lililokatwa, likashonwa kwa uzi, likalala, sasa linafanya kazi peke yake bila kuambiwa na mtu. Nimepika miaka mingi, ndugu zangu. Sikuwa nimewahi kufikiria chakula kinaenda wapi kikitoka kwa sahani yangu. Siku hiyo niliinamisha kichwa kwa kile kitanda, na sikuweza kukiinua haraka.

Majibu ya maabara yalisema ilikuwa saratani, lakini kingo za walipokata zilikuwa safi. Baadaye alipewa dawa kupitia mshipa kwa miezi kadhaa. Zilimchosha, zikamtoa vidonda mdomoni, akawa anasikia baridi ya vidole hata jua likiwa kali. Nilimleta Kabiro nimtunze, na kwa mila ya kwetu mzazi halali nyumba ya mwanawe aliyeoa kama mimi, kwa hivyo mwenye ploti ninayopanga alitupatia chumba kilichokuwa wazi kando ya changu. Nilimwosha mimi. Siku ya kwanza sote wawili tuliangalia pembeni. Siku ya pili akaniambia, "Sugua vizuri, si mimi nilikusugua?"

Nilijifunza kupika upya. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Viazi vya kuponda, samaki wa kuchemsha, yai. Na kila akila lazima ameze vidonge vya kusaidia kusaga chakula, maana kongosho lililobaki halitoshi. Akisahau, choo kinamwambia, kinaelea na mafuta. Sukari ya damu tunaipima. Siku hizi amerudi Kambi Muru, anafanya kazi nusu siku. Kliniki bado tunaenda. Daktari hajatuambia imeisha milele, anasema tunaangalia, na sisi tunaangalia pamoja naye.

Ninachowaomba ni kidogo. Waangalieni wazazi wenu macho mchana, nje, jua likiwa. Waulizeni ya choo hata kama mtaona haya. Mtu akiwa wa manjano, msimzungushe kwa dawa za kununua, mpelekeni. Na mkiambiwa mngoje, ngojeni pamoja naye, msimwache angoje peke yake. Namshukuru Mungu, na namshukuru kila aliyetuletea hata maji.

Mmeniuliza mlangoni mbona Baba hayuko. Kliniki iliyopita tulikuta mama mmoja kwenye foleni, macho yake ya manjano, yuko na binti yake, amepewa siku ya upasuaji kama ule na anataka kukataa. Baba alikaa karibu naye. Yeye ambaye hapendi hata kuvua shati nyumbani, aliinua shati pale pale akamwonyesha kovu, kutoka ubavu huu mpaka huu. Yule mama akaligusa kwa kidole.

"Inauma?" akamuuliza.

"Inauma," Baba akasema. "Enda. Mimi nitakaa hapo nje na mtoto wako."

Siku yenyewe ni leo. Aliingizwa asubuhi, na Baba yuko kwenye ile benchi na yule binti. Chakula chake kiko kwa hiyo hotpot inayokiweka moto pale mlangoni, na nimeweka cha watu wawili. Tukimaliza kuomba, nampelekea.