Kadi ya Sikukuu ya Bosi

Watoto wa mtaa mzima walimwita Shangazi Flashi, na baada ya muda hata wazazi wao walisahau kwamba ana jina jingine. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vitambaa. Picha za pasipoti ndizo zilizomlisha. Lakini moyo wake ulikuwa kwa watoto wa umri ule mgumu, wale wanaojua kukimbia ila hawajajua kusikia. Wapiga picha wenzake waliwakwepa. Yeye alilala kifudifudi sakafuni, akavaa bakuli kichwani, akapiga chafya za uongo mpaka mtoto akasahau kulia.

Mwaka ulipokaribia kwisha, familia zilimjia kwa ajili ya kadi za sikukuu.

"Mtoto aliyesimamishwa wima kama askari mimi simpigi picha," aliwaambia. "Nendeni kwa mwingine."

Mtoto mmoja alimtumbukiza kwenye kapu la nguo chafu, soksi ikiwa kichwani. Mwingine alimvisha viatu vya baba yake, akampiga picha kwa nyuma akiondoka zake kama mtu mwenye safari. Mwingine alimpaka unga puani na kumpa mwiko unaomzidi urefu, na ile picha ilichekesha hadi kinyozi akaomba nakala.

Jumamosi moja aliingia mshonaji wa mapazia, mwanamke mwembamba mpole, na mwanawe mgongoni. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, aliyekagua kuta, dari na sakafu kabla ya kujibu salamu. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, alimwita Bosi, kwa sababu ya kitambi chake na namna alivyomkodolea mtu macho kana kwamba anasubiri maelezo. Sikukuu ingemkuta baba huyo barabarani, na kadi ilikuwa yake kwanza, ndugu wengine baadaye.

"Nataka acheke," mama Bosi alisema. "Baba yake akiiona tu, acheke na yeye."

Shangazi Flashi alikuwa na wazo tayari. Alichukua boksi kubwa la katoni, akalifunika karatasi nyekundu, akalizungushia utepe. Ndani akatandaza waya mwembamba wa taa ndogondogo, ili mtoto akichungulia uso wake ung'ae kutoka chini. Taa zile zilitumia betri bapa za duara, zile zinazofanana na vifungo vya koti, zilizokaa kwenye kijisanduku cha plastiki. Skrubu ya kijisanduku ilikuwa imepotea. Asubuhi ile alikifunga kwa selotepu na kukiingiza chini ya kitambaa kwenye kona ya boksi.

Kazi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Bosi alikuwa akizama ndani, bibi yake akiuliza kwa sauti ya kulalamika, "Jamani, zawadi yangu imeibwa?" na Bosi akichomoza kichwa, utepe ukimning'inia sikioni, akicheka kwa meno yake machache. Kamera ililia bila kupumzika. Mara moja alikawia kule ndani. Alipoibuka macho yalikuwa yamemwiva, akakohoa, akatoa mate mengi. Bibi akampigapiga mgongoni.

"Amepaliwa na mate. Anacheka kama mlevi, atakosaje kupaliwa?"

Baada ya muda mfupi alitulia, wakaendelea kidogo, kisha akachoka na kuanza kusinzia. Mama akamfunga mgongoni. Wakaagana kwa furaha.

Shangazi Flashi alianza kufunga vitu vyake. Taa hazikuwaka. Alivuta waya kutoka chini ya kitambaa, na kijisanduku kikaja kimefunguka mdomo, selotepu ikining'inia, imelowa mate. Betri moja ilikuwa mahali pake. Nafasi ya pili ilikuwa tupu.

Aliinamisha boksi akalikung'uta. Alipapasa sakafu yote kwa viganja, akasogeza meza, akainua zulia, akamulika chini ya kabati. Alipata kishikizo, kipini cha nywele na biskuti ya zamani. Akajiambia kwamba imeviringika tu, vitu vidogo ndivyo vilivyo. Halafu akaichukua kamera.

Alirudi nyuma picha moja moja kwenye kioo. Bosi anacheka. Bosi anazama. Kichwa chake kwa juu, nywele tu. Kisha picha ambayo hakukumbuka hata kuipiga: Bosi ameinua uso nusu, midomo imebana, na katikati ya midomo kitu cha duara kinametameta. Aliikuza mpaka ikavunjikavunjika kuwa vinukta. Hakikuwa jino.

Kwenye pakiti ya betri zile palikuwa na mchoro mdogo wa mtoto, umekatwa na mstari mwekundu. Aliuona siku aliyozinunua, akaitupa pakiti.

Alimpigia mama Bosi. Simu iliita, ikakatika. Akapiga hospitali, na muuguzi aliyepokea hakumwacha amalize maelezo.

"Aletwe sasa hivi. Ile inaunguza ikikwama kooni, hata kama mtoto anaonekana mzima. Msimtapishe. Mmesikia? Msimtapishe!"

Akapiga tena kwa mama Bosi, akapiga tena. Safari hii ilipokelewa na bibi.

"Bibi, mtoto amemeza betri. Iko kwenye picha, nimeiona. Mpelekeni hospitali, nakuja hapo hapo."

"Betri gani? Mtoto huyu hapa, amelala."

"Amelalaje? Anapumua vizuri?"

"Anapumua kama baba yake, anakoroma. Wewe mama, umetuchekesha asubuhi nzima, sasa unataka kutuua kwa presha?" Kisha sauti ikashuka. "Na kama ameimeza, namtia kidole, anatapika, yanaisha."

"Usimtie kidole! Bibi, nakuomba, mpe mama yake simu!"

Kwa mbali alisikia mlango, maji yakifungwa, nyayo. Aliogopa kwamba akisema vibaya hataaminiwa, na akisema taratibu muda utakwenda. Mama Bosi alipoishika simu, Shangazi Flashi hakupamba maneno.

"Ni kosa langu. Kijisanduku cha taa kilikuwa hakina skrubu, nilikifunga kwa selotepu. Mtoto amekifungua, amemeza betri. Nakutumia picha sasa hivi, iangalie, halafu utoke mbio hospitali."

Simu ilikatwa. Alibaki ameshika kamera kifuani, asijue kama amekatiwa kwa hasira au kwa haraka.

Alichukua pikipiki ya kukodi, akamhimiza dereva mpaka yule kijana akamwambia, "Shangazi, nikiongeza mwendo tutalazwa na sisi." Mbele ya hospitali aliwakuta ndio wanashuka kwenye teksi. Mama Bosi alimpita bila kumtazama. Bosi alikuwa macho sasa, hataki kumeza mate, yanamtiririka hadi kwenye fulana, na kila akijaribu kulia sauti ilitoka nyembamba, ya kukwaruza.

Mapokezi palikuwa na foleni iliyofika mlangoni. Karani alinyoosha kidole kuelekea mwisho wa benchi bila kuinua kichwa. Mama Bosi, mpole yule, alianza kueleza, akashikwa na kwikwi. Hapo bibi aliyekuwa haamini ndiye aliyepasua katikati ya watu, akampokonya Shangazi Flashi kamera na kuisukuma dirishani.

"Tazama mdomo wa mjukuu wangu! Hiyo ni betri. Ukitaka nipange foleni, niambie huku unaitazama!"

Karani aliitazama, akainuka.

Eksirei ilionyesha duara jeupe, kamili, limekaa kooni mwa mtoto, chini kidogo ya shingo. Daktari, kijana mwenye sauti ya taratibu, aligusa ukingo wake kwa kalamu.

"Angekuwa amemeza sarafu tungeweza kusubiri kidogo. Hii hatusubiri. Tunamlaza usingizi, tunaingia kwa mdomo na kuitoa."

"Ataumia?" mama akauliza.

"Imeshaanza kumuumiza. Ndiyo maana tunakwenda sasa."

Walimchukua akiwa ameshika kidole cha mama yake, na muuguzi akalazimika kukichomoa taratibu. Mlango ukafungwa. Kwenye korido walikaa wanawake watatu katika benchi moja, nafasi tupu kati ya wawili na wa tatu. Shangazi Flashi, aliyekaa peke yake mwishoni, alijua nafasi ile imeachwa ili asiwasogelee. Simu ya mama Bosi ililia: ni baba, kutoka barabarani, anauliza kama picha zimependeza. Mama alishindwa kusema. Alimkabidhi mama mkwe, na bibi akasimulia kwa maneno machache, bila kumtaja mtu. Baadaye akasema, "Weka lori pembeni kwanza. Usiendeshe ukiwa hivyo."

Shangazi Flashi aliinamisha kichwa. Alitamani wamtukane.

Daktari alirudi na kikopo cha plastiki. Betri ilikuwa ndani yake, ubavu mmoja umegeuka mweusi.

"Imetoka. Ameungua kidogo, sehemu moja. Atalala hapa siku chache, tuangalie anavyopona na anavyomeza. Mngekuja kesho, nisingezungumza nanyi hivi."

Mama Bosi alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti. Shangazi Flashi alipojaribu kumwinua, mama Bosi aliusukuma mkono wake.

"Leo usiniguse," alisema. "Nitakushukuru siku nyingine. Leo siwezi."

Shangazi Flashi akaenda nyumbani. Wiki ile alizikatakata taa zote za betri, akarudisha pesa za wateja waliokuwa wameomba picha za boksi, akamweleza kila mmoja sababu bila kuificha. Wengine hawakurudi. Kinyozi alimwambia angenyamaza tu, nani angejua. Alimjibu kwamba wenye watoto ndio wanaopaswa kujua, na akaendelea kusema.

Siku kadhaa kabla ya sikukuu, bibi alipiga simu. Hakusalimu.

"Mtoto ametoka hospitali. Anakula. Baba yake bado anadai kadi. Njoo, lakini uje na kamera tu. Nitakupekua mfuko."

Alimpekua kweli, mlangoni, mpaka kwenye kitambaa cha kufutia lenzi. Ndani, mama Bosi alikuwa kwenye cherehani, pazia la kijani limemfunika magoti. Alimkaribisha kwa ishara ya kichwa, akavuta kigoda akakisukuma upande wake.

Bosi alipomwona alipiga yowe. Labda alikumbuka, labda alichukia tu kuvurugwa. Shangazi Flashi alilala kifudifudi, akapiga chafya ya uongo, na mtoto akazidi kulia. Kinywa kilifunguka chote, ulimi ukitetemeka, machozi yakichuruzika, sauti nzima imemrudia, inapasua masikio. Shangazi Flashi hakuwa na hila nyingine. Alipiga picha ile kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, kisha akaweka kamera chini na kuomba radhi.

Mama Bosi aliacha kushona, akaja kuinama juu ya kioo cha kamera.

"Hii," alisema.

"Analia, mama Bosi. Ngoja anyamaze, nitajaribu nyingine."

"Sitaki nyingine. Baba yake hajalala tangu siku ile, anauliza koo, koo, koo. Mpelekee koo."

Bibi alisogea, akavaa miwani, akaanza kucheka kicheko cha kifuani kilichomshinda kukizuia, na Bosi akanyamaza ghafla, akamkodolea macho kama mtu anayesubiri maelezo. Mama Bosi akachukua mkasi, akakata uzi wa pazia, akamuuliza Shangazi Flashi kama amekula.