Katuni Moja kwa Wiki

Mama alikubali tununue vitabu vya katuni kwa sababu ya ukuta. Chumba chetu sisi wasichana kilikuwa cha udongo, na baridi ya kwetu Kaplong haina adabu, kwa hivyo kila karatasi iliyoingia nyumbani ilipakwa uji mzito wa unga wa ngano na kubandikwa. Mimi na dada yangu tulipaka uji ukingo wa juu tu, ili mtu akitaka kusoma upande wa nyuma ainue ukurasa. Mama alilalamika kwamba tunafuga mende.

Kila Jumamosi, tukishachuma chai na kuipeleka kituoni ikapimwe, tulipewa pesa za katuni moja. Muuzaji alizitandaza juu ya gunia karibu na steji ya matatu, na sheria yake ilikuwa kutazama jalada tu. Ukifungua ndani, umenunua. Tulichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Tulichagua kwa zamu. Dada, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa akifuata hadithi iliyotoka kila wiki, ya dereva wa lori anayemtafuta mke wake aliyepotea. Zamu yangu ilipofika, aliinunua kwa kunioshea sufuria. Yaani aliosha yeye, mimi nikakaa. Kisha jioni alinisomea akiigiza sauti ya kila mtu, hata ya lori, na jinsi nilivyopenda sauti zile sikuwahi kumwambia.

Alipomaliza darasa la nane, karo ya sekondari haikupatikana. Ikaamuliwa aende Londiani kwa shangazi, akajifunze kushona. Alikuwa aondoke Jumapili. Jumamosi ya kabla yake tulikuta kwenye gunia katuni yake, na jalada limeandikwa kwamba hiyo ndiyo sehemu ya mwisho. Zamu ilikuwa yangu.

“Niachie ya leo tu,” akasema.

“Na sufuria utaoshea wapi?”

Nilichukua katuni nyingine, ya vichekesho, yenye kurasa kubwa, nikamwambia upande wangu wa ukuta bado uko wazi. Uongo mtupu. Nilikuwa na hasira kwamba anaondoka na mimi ninabaki. Kesho yake akaenda.

Wiki iliyofuata nilikimbia kwa muuzaji kabla hata ya kunawa utomvu wa chai mikononi.

“Hiyo iliisha, mtoto. Ya mwisho ilienda jana.”

Nililia barabarani bila haya. Halafu nikafanya jambo la kijinga: nilimwandikia dada kwamba nimeipata na kuisoma, nikaanza kumsimulia mwisho wake kutoka kichwani mwangu. Barua niliituma kupitia mama mmoja aliyeleta viazi kutoka Londiani. Aliporudi sokoni alikuwa na jibu, mstari mmoja: “Halafu?”

Basi nikaendelea. Kila wiki aliuliza halafu, na kila wiki dereva wangu alipata kisa kipya. Mke akapatikana Sigowet, wakagombana na mama mkwe, wakanunua ng'ombe asiyekubali kukamuliwa na mwanamume. Nilijiona mjanja sana, mtoto wa darasa la sita anayemdanganya dada yake mkubwa mwaka mzima.

Tulikuwa watu wazima, tunamenya viazi kwake, aliponiambia, bila kuinua macho, kwamba ile katuni aliinunua mwenyewe Londiani, Jumapili ile ile, kabla hata hajafika kwa shangazi.

“Kwa hivyo ulijua ninadanganya?”

“Tangu barua ya kwanza.”

“Na ukaniacha tu?”

“Ningesema, ungeacha kuandika,” akasema. “Na kule kwa shangazi hakukuwa na mtu mwingine wa kuniongelesha.”